Kuzibwa kwa Jicho la Kati

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi Nyalwambo, Wilaya ya Sengerema, Mkoa wa Mwanza
Tarehe: 8 Septemba 2025. Kuanza: saa 4:20 asubuhi
Jina: Modesta Maige
Umri: miaka 54
Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo
Kazi: mkulima, na mlinzi wa chemchemi ya kijiji
Makazi: kitongoji cha Mwilunda, kijiji cha Nyalwambo
Kosa linalochunguzwa: kuharibu chanzo cha maji ndani ya eneo la hifadhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa. Mnamo tarehe 4 Septemba nilitoa maelezo katika kituo hiki hiki, nikasema nyayo nilizozikuta kwenye chemchemi zilikuwa za mtu mgeni, asiyejua miiko yetu. Kwa maneno hayo Gidion Odoyo, fundi pampu wa kijijini kwetu, leo yuko wodini Sengerema na askari mlangoni. Mkono wake wa kulia umevunjwa, na kesho anapelekwa mahakamani. Kuna jambo niliacha kulisema siku ile, na niliacha kwa makusudi. Ndilo lililonileta.

Naomba afande aandike ninavyosema, asinipambie. Siku ile walinipambia, na matokeo yake ndiyo hayo.

Kwanza nieleze mahali penyewe, maana makao makuu wakisoma watadhani ni kisima cha kamba na ndoo. Kati ya mashamba ya Mwilunda na ziwa kuna eneo la mchanga na mawe, nyasi hazioti, jua likiwaka huwezi kukanyaga. Ukipaona utadhani jangwa limepotea njia likaishia kwetu. Humo, chini ya jabali kubwa, maji yanapanda yenyewe kutoka chini. Hayavutwi na pampu wala hayasubiri mvua. Yanasukuma mchanga mpaka unacheza kama uji unaotokota, lakini ukitia mkono ni ya baridi. Sehemu zinazotoa maji ni tatu, na sisi tunaziita macho: Jicho la Juu, Jicho la Kati na Jicho la Chini. Wataalamu walikuja kutoka Mwanza na vyombo vyao, wakasema maji yamebanwa chini ya mwamba, na mtu akichimba au akiziba hovyo anaweza kuyapoteza yote. Serikali ya kijiji ikaweka mawe ya mipaka na kibao, eneo likawa hifadhi. Ng'ombe hawaingii, jembe haliingii. Kaya arobaini na tatu zinategemea hapo. Mahali pengine pa kuteka ni ziwani tu, na ziwani kwetu mwezi wa saba mamba alichukua ndama mbele ya watu.

Mlinzi ni mimi tangu mwaka 2011. Kabla yangu alikuwa mama yangu mzazi. Kazi yenyewe ni hii: kila siku saa kumi na mbili jioni, akinamama wakimaliza kuteka, nafagia mchanga wote kuzunguka macho kwa tawi la mkwaju, nafunga lango la miiba, naondoka. Asubuhi kabla ya mtu yeyote nafungua na kusoma mchanga. Kama kuna aliyeingia, mchanga utasema. Ndipo nawaruhusu watu. Asubuhi sifagii kamwe, na kijiji kizima kinajua hivyo.

Nyayo za watu wetu nazijua kuliko sura zao, kwa sababu kwenye chemchemi haingii mtu na viatu. Viatu vinabaki langoni. Sabina kidole gumba kimepinda. Mzee Chenge, mwenyekiti wa kamati ya maji, anaburuta kisigino cha kushoto na anakataa. Nimewahi kujua uchumba wa watu kabla ya wazazi wao. Wananiita mbea, wengine wananiita polisi. Mimi najijua ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo, na asiyeshuku asiombe kazi ya ulinzi. Wataalamu wenyewe niliwashuku, nikahesabu chupa walizoingia nazo na chupa walizotoka nazo. Ila leo naona kushuku watu wote ni rahisi. Kazi ipo kwa mmoja.

Kuna mwiko wa pili, na huu afande ausikie vizuri. Ukishateka huligeuzii jicho mgongo papo hapo. Unarudi kinyumenyume hatua chache, ndipo unageuka. Watu wengi wa Mwilunda wanarudi hatua tatu. Nyumbani kwetu mama alitufundisha hatua saba, kwa sababu alizaa watoto saba, na alisema kila mtoto ana hatua yake ya kushukuru. Alipozika mmoja hakupunguza hatua. Alipozika wa tano hakupunguza. Tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu Venant Maige. Mimi sikujaliwa mtoto. Watoto wa Venant wanarudi hatua tatu kama mama yao, nimewaona mara nyingi. Kwa hiyo duniani wanaorudi hatua saba kwenye chemchemi ile ni watu wawili.

Mnamo tarehe 3 Septemba, siku ya Jumatano, saa kumi na mbili jioni, nilifagia kama kawaida na kufunga lango. Macho yote matatu yalikuwa yanatoa maji. Nilipima Jicho la Kati kwa ufito wangu wenye alama, maji yalifika alama ya tisa.

Tarehe 4 Septemba, Alhamisi, saa 12:10 asubuhi, nilifika langoni nikakuta miiba imesogezwa na kurudishwa vibaya. Nikaingia. Jicho la Kati lilikuwa limezibwa. Mtu alishindilia mawe, akaweka udongo wa mfinyanzi, juu akamwaga zege ya saruji, nayo ilikuwa imeshaanza kukamata. Pembeni unyevunyevu tu. Mchanga ulikuwa umetulia kimya. Mimi nimezaliwa nikiusikia ule mchanga ukichezacheza, na kimya kile kilinitisha, sioni haya kusema. Nilikaa chini nikalia.

Nilipoinuka nikasoma nyayo. Zilikuwa za mabuti ya mpira, mtu mmoja, ameingia na kutoka mara nne akibeba mzigo, kwa sababu kuingia zilizama na kutoka hazikuzama. Mara tatu alitoka kwa kugeuka tu, kama mtu mwenye haraka. Mara ya nne, alipomaliza kazi yake, alirudi kinyumenyume. Visigino vilitangulia, tena kwa mwendo wa taratibu.

Nikahesabu. Zilikuwa saba.

Nikahesabu tena nikianzia upande wa pili, nikitumaini nimekosea. Mtu akienda kuharibu anakumbuka kuficha kile anachojua kitamtambulisha. Huyu alikumbuka kuvaa mabuti kwa sababu alijua unyayo wake mtupu ningeutambua kabla jua halijachomoza. Lakini miguu yenyewe ilifuata ilivyolelewa.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilichukua tawi la mkwaju nikafagia zile saba. Nilifagia hizo tu, upana wa kama mkeka mmoja, nyayo nyingine nikaziacha. Sikufikiri sana. Nilimfikiria mama, nikafikiria jina la Maige likitajwa kwenye mkutano wa kijiji, mkono ukafanya. Kisha nikaenda kumwita Mzee Chenge.

Mzee Chenge alifika saa moja kamili na watu kama ishirini, Venant akiwa miongoni mwao. Mzee alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Nilimshuku hata yeye, nikatamani awe yeye. Aliniuliza mbele ya watu, "Modesta, unyayo wa nani huu?"

Nikasema, "Huyu ameingia na viatu."

Akasema, "Basi ni mgeni. Mtu wa hapa haingii na viatu."

Watu wote wakaitikia. Ni hesabu ya kijiji kizima, ndivyo tulivyozoea: mwenye viatu ni asiyejua mwiko. Hakuna aliyefikiri kwamba mwenye kuujua mwiko, na mwenye kunijua mimi, ndiye angevaa viatu kwanza. Mimi nililifikiri. Nikajibu, "Inaelekea ni mtu asiyejua miiko yetu." Ndiyo maneno niliyokuja kuyarudia hapa kituoni.

Mgeni kwetu ni mmoja. Gidion Odoyo ni Mjaluo wa Rorya, alikuja miaka mitatu iliyopita na mkewe Atieno, anatengeneza pampu za umwagiliaji. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gidion jembe tulimpa, lakini kiti hatukumpa. Saa nne asubuhi sungusungu walimtoa karakanani kwake. Walimkuta na nusu mfuko wa saruji, na fundi gani hana saruji? Walimkuta na mabuti. Mabuti ya aina ile yanauzwa kila gulio, hata mimi ninayo. Waliyaleta chemchemini wakanionyesha, wakauliza kama ndiyo. Nilisema yanafanana. Watu wakapokea kama nimesema ndiyo yenyewe, na kelele zikaanza. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno, afande. Nilifunga mdomo. Gidion alinitazama akasema, "Mama Modesta, waambie. Mimi huwa navua viatu." Ni kweli alikuwa anavua. Siku zote alivua. Ila alikuwa analigeuzia jicho mgongo papo hapo, akinamama wakawa wanamcheka, na mimi nikiwamo. Hajawahi kurudi kinyumenyume hata hatua moja.

Walipompiga nilikuwa umbali wa kama kutoka hapa hadi kwenye bendera. Nilisikia mkono ulivyovunjika.

Tarehe 5 na 6 Septemba nilipima Jicho la Juu na Jicho la Chini. La Juu lilishuka alama mbili. La Chini halikushuka wala kupanda. Nikajiuliza, maji ya Jicho la Kati yamekwenda wapi? Maji haya hayakubali kufungwa, ukiyaziba hapa yanatafuta pengine. Sikuwa na raha. Kila aliyepita na nguo iliyolowa nilimtazama mara mbili. Nilimshuku jirani mwenye bustani ya kabichi, nikaenda kushika udongo wake kama mwizi. Ulikuwa mkavu. Nilikuwa nazunguka huku na huku, kumbe naogopa kwenda ninakokujua.

Tarehe 7 Septemba, Jumapili, baada ya misa, saa tano na nusu asubuhi, nilikwenda shambani kwa Venant. Shamba lake liko chini ya hifadhi, mawe ya mpaka yapo kwenye kona yake. Mwaka huu nyanya zake zilikauka. Mwezi wa tano aliomba kamati imruhusu kupitisha bomba kutoka Jicho la Kati, kamati ikakataa. Mimi nilikuwa mjumbe nikanyoosha mkono wa kukataa, kwa sababu ukimruhusu mmoja, wa pili utamwambia nini? Tangu hapo alikuwa ananisalimia lakini haji kula kwangu.

Nilimkuta ameinama katikati ya nyanya. Mbele yake mchanga ulikuwa unacheza. Maji yalikuwa yanapanda safi kabisa, na alikuwa ameshayazungushia mawe. Kwenye karai lake kulikuwa na saruji iliyoganda.

Aliinuka akasema, "Shikamoo dada."

"Marahaba. Haya maji yametoka lini?"

"Ijumaa. Mungu hamtupi mja wake."

"Huyo Mungu alivaa mabuti?"

Alicheka. Halafu akanawa mikono polepole, akasema, "Dada, mimi niliogopa sana. Alhamisi nilikuja pale nikijua umeshausoma mchanga. Nilipoona pamefagiwa, asubuhi ile, nikajua tupo pamoja. Nilisema moyoni, dada yangu amenisamehe yale ya bomba."

Nikamwambia, "Mtu amevunjwa mkono, Venant."

Akasema, "Atapona. Yeye atarudi kwao. Sisi tutarudi wapi?"

Alinikatia nyanya zilizosalimika akanijazia kanga, nami nikazipokea. Nasema hata hilo, ili isije kusemwa nimejitakasa. Nilizibeba hadi nyumbani na nikashindwa kuzila.

Siku hiyo hiyo saa kumi jioni nilikwenda ziwani kuwatazama akinamama, kwa kuwa Jicho la Juu na la Chini hayatoshi tena kaya zote na wengi wameanza kuteka ziwani. Nilimkuta Atieno, mke wa Gidion, amesimama majini hadi magotini na ndoo. Ana mimba ya miezi saba. Wenzake walikuwa wamesimama mbali naye. Nilitegemea anitukane. Alipanda hadi nchi kavu, akaweka ndoo chini, akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikaitikia.

Akasema, "Mama, Jumanne wanampeleka mahakamani. Watu wanasema wewe unasoma miguu ya kila mtu. Nataka kuuliza tu. Ya mume wangu uliisoma?"

Niliangalia ziwa. Nikasema maji yamechafuka leo, achemshe kabla ya kunywa. Akasema, "Asante mama," akajitwika ndoo yake akaondoka. Hakuuliza mara ya pili. Angenitukana ningelala.

Kwa hiyo nasema sasa. Gidion Odoyo hakuziba Jicho la Kati. Aliyeziba ni Venant Maige, mdogo wangu wa baba mmoja na mama mmoja. Najua kwa hatua saba nilizozihesabu mara mbili, kwa maji yaliyotokea shambani kwake, na kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe. Ushahidi wa zile hatua haupo tena, niliufuta mimi kwa mkono wangu, na kama hilo ni kosa niandikiwe na mimi. Lakini karai lipo, na lile jicho jipya lipo, mkienda leo mtalikuta. Na zege ile ivunjwe haraka na watu wanaojua, maana maji yakizoea njia ya pembeni hayarudi. Hilo alilisema mama yangu, na wataalamu nao walilisema.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na Venant. Sina. Nilimbeba mgongoni mpaka akakua. Mama alipokuwa anakufa alinishika akasema, "Modesta, maji na mtoto, hivyo viwili nakuachia." Hakusema nikishindwa vyote nichague kipi.

Ameniuliza pia Venant yuko wapi kwa sasa. Yuko nje. Ndiye aliyenileta kwa pikipiki yake asubuhi hii. Nilimwambia naitwa kituoni kuongeza maelezo kuhusu fundi, akasema vizuri dada, twende, nitakusubiri. Nilidanganya ili asikimbie. Njia nzima alikuwa anaendesha polepole kwenye mashimo, kwa sababu anajua mgongo wangu ni mbovu.

Nimefika mwisho. Maelezo haya ni yangu, nimesomewa yote nikayasikia, na safari hii sikubakiza kitu.

Sahihi ya shahidi: M. Maige

MAELEZO YA OFISA

Nathibitisha kuwa maelezo haya yametolewa mbele yangu kwa hiari na bila kulazimishwa. Yameandikwa kwa Kiswahili na kumalizika saa 6:50 mchana. Kabla ya kutia sahihi shahidi aliomba maji ya kunywa, akapewa, hakuyanywa. Baada ya kutia sahihi aliomba atoke yeye kwanza akazungumze na ndugu yake. Nilimkatalia, nikamwacha chumbani na askari wa kike.

Saa 6:55 nilitoka na kumkuta Venant Maige, miaka 41, amekaa kwenye benchi la mapokezi akimshikia shahidi mkoba. Alisimama, akaniamkia, akauliza kama dada yake amemaliza. Nilimjibu kuwa amemaliza.

WP Koplo Justa Revocatus
Kituo Kidogo cha Polisi Nyalwambo